Grini kadi na kazi ya duka la bangi Denver

Mdogo wangu, umesema una grini kadi, yaani kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu, unahama Texas kwenda Denver, jimbo la Colorado, umepata kazi ya kuuza kwenye duka la bangi, na unauliza kama kuna shida maana kule ni ruksa. Shida ipo, na ni kubwa.

Ruksa hiyo ni ya jimbo. Colorado walipiga kura mwaka 2012, maduka yakafunguliwa Januari 2014, na mwenye miaka 21 ananunua mchana kweupe. Ila uraia wa Marekani, siku ukija kuuomba, hautolewi na Colorado. Unatolewa na serikali kuu, ambayo kwa sheria zake biashara hiyo ni kosa. Tangu Aprili 2019 idara ya uhamiaji imeandika wazi kwamba kuvuta, au hata kuajiriwa kwenye biashara hiyo, kunaweza kukukosesha sifa ya tabia njema wanayoidai. Fomu ya N-400, ya kuomba uraia, ina swali kabisa la kama umewahi kuuza dawa za kulevya. Wewe utajibu nini, na hati zako za mshahara zinaonyesha jina la duka?

Kazi hiyo iache, tafadhali. Heri ghala au hoteli. Hata kuvuta kwako usikuseme mbele ya afisa yeyote kabla hujaongea na wakili wa uhamiaji. Na ukirudi kutoka kumwona mama Mombasa, kumbuka afisa wa uwanja wa ndege anaweza kuikagua simu yako, picha na meseji zote.