Jibu kwa jamaa wa Mpeketoni: ukiacha kukama usiache kuangalia kiwele

Ndugu yangu, umeuliza ng'ombe wako ana mimba ya miezi saba na anatoa lita nne, je umuache au uendelee kumkama mpaka akaribie kuzaa, na jirani amekwambia uwe unamkama siku moja unaruka moja ili kiwele kisimuume. Mimi nafuga huku Malindi upande wa Ganda, krosi za Friesian na Sahiwal, na nakwambia muache sasa. Mimba ya ng'ombe ni kama siku 283, na kabla ya kuzaa anataka siku 60 hivi za kupumzika, ukimkama mpaka mwisho kiwele hakipati nafasi ya kujijenga upya na mzao ujao utaona lita zimeshuka na hata dang'a, yale maziwa ya kwanza ya ndama, inakuwa dhaifu.

Lakini skiza, watu wengi wakishaacha kukama wanaona kazi imekwisha. Ng'ombe anasogezwa kule nyuma kwenye tope na haangaliwi tena mpaka azae, na huo ndio wakati wa hatari haswa ya kiwele kuugua, wiki mbili za kwanza baada ya kuacha na wiki mbili za mwisho kabla ya kuzaa. Ukiacha kukama, mwili unatengeneza kizibo kama nta kwenye tundu la chuchu, sasa hakitokei siku ile ile, ng'ombe wengine huchukua wiki kadhaa, na tundu likiwa wazi uchafu wa bandani unaingia moja kwa moja. Ndio maana hiyo ya kuruka siku siipendi, kila ukimkama kumpunguzia unakitoa kizibo na mwili unadhani maziwa bado yanatakikana. Kwa lita nne acha kukama mara moja, bila kuruka siku. Kiwele kitajaa siku mbili tatu, muache, ule mgandamizo wenyewe ndio unaozuia maziwa na yaliyobaki yatarudi mwilini. Angekuwa wa lita kumi na tano ningesema umpunguzie derimili (chakula cha dukani cha kuongeza maziwa) kwanza. Ila ukiona kiwele kina moto, kigumu upande mmoja na ng'ombe hataki kula, hapo ita daktari siku hiyo hiyo.

Siku ya mwisho mkame mpaka aishe kabisa, halafu dawa ya kukaushia, ile ya kuua bakteria kiweleni wakati hakamwi, tyubu moja kila chuchu, na iwe ile ya kukaushia kweli kweli sio ya kutibu ng'ombe anayekamwa maana hiyo haikai muda mrefu. Futa ncha za chuchu kwa pamba na spiriti, anza kufuta zile za mbali nawe umalizie za karibu, lakini kuweka dawa anza za karibu, hivyo mkono wako haugusi iliyokwisha safishwa. Ncha ya tyubu usiisukume yote ndani, kidogo tu yatosha, ukiizamisha unapanua tundu na unaingiza uchafu mwenyewe. Malizia kwa kuchovya chuchu kwenye ayodini. Andika tarehe ukutani, maana akizaa mapema maziwa bado yana dawa na hayafai kuuzwa, soma kwenye pakiti ni siku ngapi.

Halafu banda. Huku kwetu pwani masika yakiingia makuti yanavuja na joto halipungui, hapo bakteria wanafurahi. Watu wanatandika makumbi ya nazi kwa sababu ni bure, mimi siyataki, yananyonya maji na yanakaa na unyevu. Mchanga mkavu ni bora mara mia, bakteria hawapati chakula ndani yake, muradi mavi yaondolewe kila siku. Na ndama mkubwa mtenge kabisa, akinyonya hata mara moja tu kizibo kimekwenda.

Kila siku mtazame kiwele kwa nyuma kama pande zimelingana, na chuchu kama zina vidonda vya nzi, usikamue kuonja maziwa.

Na kabla hujanunua tyubu mwambie daktari ampime kwa CMT, kipimo cha maziwa cha kugundua ugonjwa wa kiwele, maana kuna ugonjwa wa kiwele usioonekana kwa macho, maziwa meupe safi lakini yakichanganywa na dawa ya kipimo hicho yanagandamana. Ukijua chuchu ipi ina shida andika hapa, tutaangalia pamoja kama inataka tiba kwanza.