Cheti cha Chelo Ninacho, Lakini Okestrani Nilipotea

Siku ya kwanza kwenda mazoezi ya okestra hapa Nairobi niliingia kifua mbele na chelo yangu, ile ala kama fidla kubwa inayopigwa kwa upinde ukiwa umekaa. Nilikuwa na cheti cha gredi ya 5 cha ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki, alama 124. Kufika ukurasa wa pili sikujua tena wenzangu wako wapi, nikawa napeleka upinde hewani bila kugusa nyuzi ili nionekane napiga. Msichana niliyekaa naye kwenye stendi moja ya noti akaninong'oneza, "Wewe, tuko baa ya 40," yaani kile kisehemu cha 40 kati ya mistari ya wima ya noti. Yeye hakuwa na cheti chochote.

Nilikuja kuelewa nilipofanya hesabu. Mtihani ule una alama 150, na kufaulu ni 100. Vipande vitatu vina alama 30 kila kimoja, skeli, yaani kupanda na kushuka ngazi ya noti, 21, kusoma noti papo kwa papo 21, zoezi la masikio 18. Mwaka mzima nilipiga vile vipande vitatu tu, mpaka majirani wakawa wanavipigia mluzi wakifua nguo. Kusoma noti nilipata 11. Vipande vikanibeba. Okestrani hakuna cha kukubeba.

Kwa hiyo kijana anayeanza namwambia hivi: kila siku, kabla ya kugusa kipande cha mtihani, tafuta ukurasa ambao hujawahi kuuona, uupige polepole kwa dakika 10. Ukikosea, endelea. Usirudi nyuma kurekebisha, kwa sababu wenzako hawatakusubiri. Na tafuta wenzako mapema, hata mmoja mwenye fidla. Wazazi hupenda kunitajia Sheku Kanneh-Mason, mpiga chelo wa Uingereza aliyeshinda shindano la vijana la BBC Young Musician mwaka 2016 akiwa na miaka 17, kisha akapiga kwenye harusi ya Prince Harry. Wanachosahau ni kwamba kwao Nottingham walikuwa watoto saba, wote wanapiga muziki. Watu wa kucheza nao alikuwa nao sebuleni.

Kuhusu chelo yenyewe, usikimbilie kununua. Mtoto huanza na ya saizi ya robo, akaja nusu, akaja robo tatu. Kodisha mpaka amalize kurefuka. Matatuni lipia siti mbili na usibishane na makanga. Januari na Februari, hewa ikikauka, vigingi vinavyokaza nyuzi hulegea na nyuzi hushuka sauti usiku kucha. Usivikaze kwa hasira, utakata uzi wa A, ule mwembamba kuliko wote, na huo si wa bei ya mchezo.

Kazi je? Wanaoishi kwa kupiga peke yao mbele ya okestra ni wachache mno duniani. Sisi wengine tunafundisha na kupiga harusini. Nani ajuaye, labda utaishia Zanzibar, ambako chelo ni ndugu wa ala za udi na kanuni katika vikundi vya taarabu. Huko nako utatakiwa uwe na masikio.

Na yule msichana bado tunakaa stendi moja. Kugeuza kurasa ni kazi yangu.