Pafyumu inaniwasha shingo, shida ni linaloli?

SWALI: Anti shikamoo. Nina pafyumu yangu ina kama miaka mitatu, naipenda mpaka naibania, imebaki nusu chupa. Juzi kati nikapulizia shingoni, kesho yake jioni pakaanza kuwasha na vipele juu. Kusoma boksi nakuta linaloli. Shosti anasema hiyo ni kemikali ya kiwandani, nihamie mafuta ya lavenda ambayo ni asili. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Shosti ana nia njema ila hapo kakupoteza, maana linaloli ni kiungo cha harufu kinachopatikana kwenye mimea mingi, na hiyo lavenda yenyewe imejaa, mara nyingi robo ya mafuta yake au zaidi. Ponda punje za giligilani kiganjani unuse, ile harufu tamu inayopanda puani kwa sehemu kubwa ndo yenyewe hiyo, na kwenye mrehani imo pia. Viwandani nako wanaitengeneza, hata kutoka kwenye tapentaini ya misonobari, lakini ngozi yako haiulizi imetoka shambani au kiwandani.

Mimi ninayemshuku hapo ni hewa. Linaloli ikiwa freshi ni mara chache kumdhuru mtu, ila ikikaa inakutana na oksijeni inageuka kidogokidogo kuwa vitu vinaitwa haidroperoksaidi, na hivyo ndo vinavyochokoza ngozi. Chupa ya miaka mitatu, nusu yake hewa tupu, hebu fikiria. Na mafuta ya lavenda yakikaa wazi yanageuka vilevile, kwa hiyo kuhama hakusaidii kitu.

Kuandikwa kwenye boksi kusikutishe. Umoja wa Ulaya unataka itajwe ikizidi asilimia 0.001 kwenye kitu cha kubaki mwilini, au 0.01 kwenye cha kuoshwa kama shampuu, ili wenye aleji wajue.

Wewe acha kuipaka kwanza, na usiijaribu tena "kuhakikisha", maana aleji ya hivi ikishaingia huwa haiondoki. Muone daktari wa ngozi akubandike vile viplasta vya kipimo mgongoni, mwambie unashuku linaloli iliyooksidika, yaani iliyogeuzwa na hewa, maana ile freshi inaweza isionyeshe kitu. Majibu yakisema ndiyo, uanze kusoma na maboksi ya losheni, sabuni na shampuu, imo kwingi sana.

Ikija pafyumu nyingine usiibanie hivyo, nunua chupa ndogo, funga vizuri, weka mbali na joto na jua. Na hiyo nusu iliyobaki usimgawie shosti.