Uvimbe wa maji kwenye figo: ulizeni daraja kabla ya kuzungumzia upasuaji

Pole sana dada. Umeandika kwamba mama, miaka 58, alipimwa ultrasaundi kwa sababu ya maumivu ya tumbo, ukaonekana uvimbe wa maji wa sentimita 5 kwenye figo ya kulia, na sasa ndugu wamegawanyika: wengine wanasema ni kansa na figo itolewe, wengine wameshaleta dawa ya kienyeji ya kuuyeyusha. Njia hiyo nimeipita na baba yangu tangu 2018, kwa hiyo nivumilie nikijibu kwa urefu.

Hiyo sentimita 5 peke yake haikuambii kama kuna kansa. Uvimbe wa baba ulikuwa sentimita 3 na nusu. Siku ya kliniki tulikaa benchi moja na mzee mwenye uvimbe wa sentimita 9. Yeye aliambiwa aende nyumbani akalime, sisi tukaambiwa turudi baada ya miezi 6. Kinachoangaliwa ni kilichomo ndani na hali ya ukuta wake. Mifuko ya maji kwenye figo ni ya kawaida mno kwa watu waliovuka miaka 50, na mingi haina madhara maisha yote.

Mwaka 1986 daktari wa picha wa Chuo Kikuu cha New York, Morton Bosniak, aliipanga mifuko hii kwa madaraja, na hadi leo yanaitwa kwa jina lake. Muulize daktari swali hili moja: "Huu ni Bosniak daraja la ngapi?"

Mimi nilielewa siku daktari wa picha aliponiita ndani, akageuza skrini na kunionyesha figo ya baba mara mbili: kabla ya kuchomwa dawa ya mshipani, na baada yake. Maji yalibaki kijivu kilekile. Ila ukuta, upande mmoja tu, ulikuwa umeng'aa kidogo. Akaniambia, "Maji hayana damu, kwa hiyo dawa haiingii. Kinachong'aa kina mishipa, na kilicho hai ndicho tunachokihofia." Akaniambia nifikirie dafu na chungwa. Dafu ukilipasua ni maji matupu. Chungwa lina ngozi za katikati zinazotenganisha vipande. Ngozi hizo zikiwa chache na nyembamba, hakuna neno. Zikinenepa, au kikiota kinundu, hapo mambo yanabadilika.

Daraja la I ni lile dafu: ukuta mwembamba, maji safi. La II lina ngozi nyembamba moja hadi tatu, au chokaa kidogo. Yote mawili hayatibiwi wala hayafuatiliwi, labda uvimbe uwe unaleta maumivu kwa kubana. Halafu kuna IIF, ambayo ndiyo ilikuwa ya baba: ngozi nyembamba nyingi, nne au zaidi, au ukuta ulionenepa kidogo. Hapo wachache huja kugundulika ni kansa, kwa hiyo picha hurudiwa baada ya miezi 6, kisha mwaka, kisha kila mwaka hadi itimie miaka 5. La III, kuwa kansa au kutokuwa ni karibu nusu kwa nusu. La IV, lenye kinundu kinachong'aa, takriban tisa kati ya kumi ni kansa, na hapo kwa kawaida hushauriwa upasuaji kama mgonjwa anaumudu.

Hospitali ya kwanza tuliyokwenda ilitaka kumtoa baba figo nzima kwa karatasi ya ultrasaundi tu. Nashukuru mama yangu alikataa kusaini. Lakini pia nakuomba usichukue mfano huo kumwambia mama yako apuuze. Picha ya baba ya 2021 ilionyesha ukuta umefika milimita 4 na unang'aa waziwazi. Kwa vigezo vya Bosniak vilivyofanyiwa marekebisho mwaka 2019, milimita 3 ni IIF, 4 ni III. Milimita moja, dada, unene wa kucha, ndiyo iliyotuvusha.

Daktari bingwa wa njia ya mkojo alitupa njia mbili bila kutusukuma. Kukata sehemu yenye uvimbe na kubakiza figo, au kuendelea kuangalia, kwa sababu kansa za aina hii nyingi hukua taratibu na ni nadra kusambaa. Kwa mzee wa miaka 80 mwenye moyo mbovu, kuangalia kunaweza kuwa ndiyo busara. Baba alikuwa na 66, ana nguvu, akasema sitaki kulala na swali. Wakakata kipande. Majibu ya maabara: kansa, ya hatua ya kwanza, imetoka yote. Figo ile bado anayo.

Sasa kwa mama yako. Soma ripoti yake vizuri. Kama imeandikwa ni uvimbe wa kawaida, maji yanayoonekana meusi tii kwenye picha, ukuta mwembamba, hakuna kitu ndani, basi ultrasaundi inatosha, na maumivu ya tumbo yatafutiwe sababu nyingine pia. Kama imetaja ngozi za ndani, chokaa, ukuta mnene au kinundu, aombewe CT skani ya figo yenye dawa ya mshipani, au MRI. CT bila dawa mara nyingi haitoshi kutoa daraja, usilipie mara mbili kama sisi.

Umetaja anatumia metformin, dawa ya kisukari. Apimwe kreatinini kwanza, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, na awaambie kabla ya kuchomwa dawa, wao wataamua kama aisimamishe kwa siku chache. Hiyo ya kienyeji naomba isimame kwa sasa, maana baadhi ya mitishamba huumiza figo zenyewe.

Na CD ya picha msiiache hospitali. Sisi ile ya 2018 ilikuwa kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati, na ndiyo daktari aliyoiweka pembeni ya mpya akaona ukuta umenenepa. Ukipata ripoti, andika hapa maneno yaliyomo, ila futa jina la mama kwanza.