Kamera iko mbele, kompyuta iko nyuma: ninunue waya gani?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mi ndo naendesha mitambo kanisani kwetu hapa Morogoro, kamera yetu ni ya USB 3 iko karibu na mimbari na kompyuta iko nyuma kule juu, waya ukizunguka ukutani ni kama mita 25 hivi. Tumeunga extensheni tatu lakini picha inagandaganda halafu kamera inapotea kabisa katikati ya ibada. Kuna mtu katushauri tununue waya wa faiba ila bei imetushtua, je kweli utasaidia? Na printa nayo tuichomeke humohumo?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, hizo extensheni toa tu zote. USB 3 kwenye waya wa shaba ikishavuka mita 3 hivi inaanza kusumbua, USB 2 yenyewe mwisho ni mita 5, sasa nyie mnataka 25. Aliyewashauri yuko sahihi. Ndani ya waya wa faiba kuna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na kwenye vichwa vyake viwili kuna chipu, huku zinageuza ishara za umeme zinazobeba picha kuwa mwanga na kule zinaurudisha kuwa ishara za umeme, ndo maana unafika mbali na ndo maana bei iko juu.

Ila kabla hujatoa hela muulize muuzaji kama waya unapeleka na umeme wa kuwasha kamera, maana mwanga hauwashi kamera. Zingine zina shaba pembeni kwa ajili ya umeme, zingine hazina kabisa, na hata yenye shaba kwa mita 25 mi bado ningeweka habu (kile kisanduku cha matundu ya USB) yenye adapta yake ya umeme upande wa kamera. Halafu uliza kama inabeba na USB 2, kwa sababu zipo zinazobeba USB 3 peke yake, ukichomeka mausi au printa inakaa kimya, mtu anadhani kauziwa waya mbovu. Printa yenu kama ina tundu la LAN (waya wa mtandao) vutieni waya wa LAN, unafika mpaka mita 100 na ni wa bei ya kawaida tu.

Ukiununua utandaze sakafuni kwanza, upande ulioandikwa HOST uende kwenye kompyuta (nyingi ukizigeuza hazifanyi kazi), washa kamera lisaa lizima ndo uupandishe ukutani. Kwenye kona usiukunje, uzungushe taratibu. Nimeshaona waya wa mita 30 umepitishwa dirishani na dirisha linafungwa kila jioni, nje gamba zima kabisa, hata mkwaruzo hakuna, kumbe ndani kioo kimeshakatika. Na bomba liwe pana la kupitisha kichwa kizima, maana huu fundi hawezi kuukata akaunga kichwa kingine kama wa LAN.