Mkuu wa Nyegezi, usiache rejesho ukisubiri serikali inunue deni lako

Acha kwanza. Umeandika kwamba una mkopo wa nyumba za kupangisha Nyegezi, umeruka marejesho mawili, na sasa unasubiri serikali ifanye kama Ireland: inunue mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, kwa bei ya chini, na wewe ulipe hiyohiyo bei ya chini.  Kusubiri huko kutakutoa kwenye nyumba zako.

Serikali ikinunua deni inaokoa benki, si mkopaji. Ireland, soko la viwanja na majengo lilipoanguka, sheria ya 2009 ikaunda NAMA, chombo cha serikali cha kununua mikopo ya benki. Ikachukua kutoka mabenki matano mikopo ya euro bilioni 74, hasa ya waendelezaji wa viwanja na majengo, ikalipa bilioni 31.8. Haikulipa taslimu, ilitoa hatifungani, yaani hati za ahadi ya kulipa baadaye, nyingi zikiwa na dhamana ya serikali, na benki zikazitumia kukopa Benki Kuu ya Ulaya. Punguzo hilo la asilimia 57 lilikuwa hasara ya benki. Aliyedaiwa 100 aliendelea kudaiwa 100.

Tuhesabu kwa shilingi. Unadaiwa milioni 100. Mfuko wa serikali unalinunua deni kwa milioni 43, benki inafuta 57 vitabuni. Kwako hakijapungua kitu, na riba inazidi kupanda. Nyumba zikiuzwa milioni 60, mfuko umeshapata faida ya 17, na wewe umebaki na deni la 40 linalokufuata mpaka kwenye mali nyingine, kama ulisaini dhamana binafsi, yaani ahadi ya kulipa kwa mali zako zote. Usidhani pia utamtuma shemeji akakununulie mali yako kwa bei ya kutupa: sheria ile ya Ireland ilimzuia mdaiwa aliyeshindwa kulipa asinunue tena mali iliyoshikiliwa kwa deni lake.

Hata hapa kwetu, chombo cha serikali kiitwacho LART kilipoundwa 1991 kubeba madeni mabovu ya benki za serikali, kazi yake ilikuwa kukusanya, na kilikuwa na baraza lake la kusikiliza kesi za madeni.

Wanaokwambia "subiri, deni litafutwa" wananiudhi kuliko dalali wa mnada. Dalali angalau anabandika tangazo ukutani. Mshauri wa mikopo anachukua ada yake, anakuambia usiende benki, na notisi ikifika hapokei simu. Nilimlipa mtu wa aina hiyo, na nyumba ilikwenda.

Deni likihamia kwa mwenye deni mwingine, halijapungua. Shika hilo, halafu wiki hii fanya hivi. Rejesho likipitisha siku 90 mkopo unahesabiwa chechefu, na baada ya hapo afisa mikopo hana tena uhuru mkubwa wa kukusikiliza. Wewe uko kwenye la pili, bado una nafasi. Nenda tawini ukaombe mchanganuo wa maandishi: msingi (pesa yenyewe uliyokopa) kiasi gani, riba kiasi gani, penalti kiasi gani. Msingi hawaugusi, ila penalti inazungumzika. Omba kupangiwa upya marejesho, peleka na mikataba ya wapangaji wako ili waone kodi inayoingia kwa mwezi, na siku hiyohiyo lipa chochote ulicho nacho upate risiti. Jibu la mdomo halina maana, dai barua.

Notisi ya benki ya kushindwa kulipa, chini ya Sheria ya Ardhi, ikishafika una siku 60 za kurekebisha. Usiifungie kabatini. Andika tarehe uliyoipokea, maana hapo ndipo siku zinaanza kuhesabiwa.

Na siku yoyote atakapotokea mtu akisema amenunua deni lako, usimlipe hata shilingi mpaka uwe na barua ya benki yenyewe inayotaja jina lake, salio lililohamishwa na akaunti mpya ya kulipia. Linganisha salio hilo na ule mchanganuo wa tawini. Likizidi, dai maelezo kwa maandishi kabla hujasaini chochote.