Namna ya Kumpa Mtu Wimbo wa Zamani Akaupenda

Kabla hujamtumia mtu wimbo wa zamani, chunguza kwanza yeye huvutiwa na nini anaposikiliza muziki. Wapo wanaofuata gitaa, wapo wanaofuata kisa, na wapo wanaoifuata sauti ya mwimbaji tu, maneno hawana habari nayo. Ukishalijua hilo, haijalishi tena kama wimbo ni wa roki, rumba, taarabu au kantri.

Mjomba wangu ni mtu wa muziki wa dansi. Kwake muziki ni Mbaraka Mwinshehe na Franco, na roki alikuwa akiiita makelele. Lakini nilijua kuwa kwenye rumba anachokisubiri ni sebene, pale waimbaji wanaponyamaza na magitaa yakatawala. Nikamwekea "Free Bird" ya Lynyrd Skynyrd, ya mwaka 1973. Wimbo ule unaanza taratibu, mtu anaaga, kisha katikati mwendo unabadilika na magitaa yanauchukua kwa zaidi ya dakika 4 hadi mwisho. Mjomba aliusikiliza wote, akaniambia niurudishe pale sebene linapoanzia.

Baada ya hapo njia ilikuwa nyeupe. Nikampa "Sultans of Swing" ya Dire Straits, ya mwaka 1978. Mark Knopfler anazikwanyua nyuzi kwa vidole vitupu, na gitaa lake linasikika safi bila mkwaruzo, kila noti inajitegemea, jambo ambalo masikio yaliyolelewa na wapiga solo wa dansi yanalitambua mara moja. Kabla ya kuupiga nilimsimulia kisa chake: bendi ya jazi inatumbuiza kwenye baa moja London, watu ni wachache, na vijana waliopo hawaijali. Mtu aliyeziona bendi zetu zikipiga kwenye ukumbi mtupu usiku wa mvua hahitaji kuelezwa mara mbili.

Usiruke hatua hiyo ya kusimulia kama lugha ya wimbo haieleweki kwa unayempa. Sentensi mbili zinatosha. "Fast Car" ya Tracy Chapman, ya mwaka 1988, ina binti aliyeacha shule amtunze baba yake mlevi, sasa anatafuta pa kutokea. Mpe wimbo huo mpenzi wa Marijani Rajabu, mtu aliyezoea nyimbo zenye kisa, umwambie hayo tu, kisha unyamaze. Kunyamaza ni muhimu sana. Anayeongea juu ya wimbo akisifia kila kipande anamnyima mwenzake nafasi ya kukigundua mwenyewe.

Kwa kijana wa roki, mimi huanza na "Sina Makosa" ya Les Wanyika, na ninamwambia asikilize gitaa la besi. Hapo kuna sharti moja: avae spika za masikioni au mtafute spika ya maana. Spika ndogo ya simu haitoi sauti nzito sawasawa, na wimbo ule bila besi umekatwa miguu. "Mario" ya Franco, ya mwaka 1985, isubiri. Ni ndefu, na utamu wa masimulizi yake humfikia zaidi aliyekwisha kuzoea mwendo wa rumba.

Kuhusu Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya roki ya Queen, ushauri wangu ni kuuweka wimbo mbele ya historia. Ni kweli alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, nasi tunajivunia, lakini ukianza na hilo mtamjadili mtu na "Bohemian Rhapsody" itapita bila kusikika. Iache iishe, dakika zake karibu 6, ndipo useme alikozaliwa.

Tuma wimbo mmoja. Orodha ya nyimbo 50 haisikilizwi, na bando ni fedha. Kisha omba nawe upewe mmoja, uusikilize kwa heshima ileile.

Mwisho, chagua rekodi yenyewe kwa makini. "Hotel California" ya Eagles ina ile ya studio ya mwaka 1976 na ile ya jukwaani ya mwaka 1994, inayofunguliwa kwa magitaa yasiyo ya umeme. Kwa mtu wa rumba au taarabu, mpe hiyo ya 1994 kwanza.